Chupa, Chumvi na Ukurasa wa Kwanza

Ndugu zangu, asanteni kwa kunikaribisha. Kabla sijasema lolote juu ya Google na jinsi inavyochagua ukurasa wa kukaa juu, niruhusuni nifanye kazi moja. Hii ni chupa ya kioo, kavu. Natia mahindi niliyonunua sokoni asubuhi. Aliyeniuzia amenihakikishia yamekauka. Naongeza chumvi kavu, nafunga, natikisa. Sasa naiweka mezani itulie robo saa. Tutairudia.

Mkulima anaingia stoo, anakuta unga umemwagika chini ya magunia. Anatoa simu, anaandika: "dawa ya dumuzi kwenye mahindi". Sisi Tanzania tunamjua mdudu huyu. Wengine humwita Scania, kama lile lori. Asili yake ni Amerika ya Kati, akabainika Tabora kuelekea miaka ya 1980, na hajaondoka.

Simu inamletea kurasa mbili. Ya kwanza imetafsiriwa na mashine. Inamwita dumuzi "kipekecha mkubwa wa nafaka", neno ambalo mkulima huyu hajalisikia tangu azaliwe, kisha inamwambia ahakikishe unyevu uko chini. Ahakikishe vipi? Haisemi. Ya pili imeandikwa na mtu aliyewahi kutia mkono kwenye gunia lililoliwa. Inaeleza jaribio la chupa. Inamwambia apukuchue mapema, kwa kuwa dumuzi hustawi zaidi kwenye mahindi yaliyobaki guniani na magunzi yake.

Ipi itakaa juu? Ndugu zangu, mashine haiwezi kunusa stoo. Inasoma dalili tu. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wakiwa Stanford, waliichukua dalili moja nzuri sana: ukurasa unaounganishwa na kurasa nyingine nyingi, hasa zenye uzito, huenda una maana. Na ilikuwa kweli, kwa sababu wakati ule mtu aliweka kiungo cha kwenda ukurasa wa mwingine kwa kuwa amekipenda kitu. Kiungo kilipoanza kuleta pesa, watu wakaanza kuviuza. Ikabidi Google ibadilishe mashine yake ya kupanga kurasa, kwa mabadiliko iliyoyaita Penguin, Aprili 2012, kuwashusha waliopandishwa na viungo vya kununua. Mwaka mmoja nyuma, Februari 2011, ilikuwa imeleta mabadiliko mengine, Panda, dhidi ya tovuti zilizomwaga makala nyepesi kwa maelfu. Panda iligusa karibu asilimia 12 ya utafutaji wa Marekani. Mimi niliiunga mkono Panda na bado naiunga mkono. Wasomaji walikuwa wanaibiwa muda wao.

Lakini fimbo hiyo huwapata na wasio na kosa. Desemba 2022 Google iliongeza neno "uzoefu" kwenye mwongozo wa watu wanaoikagulia ubora wa matokeo. Nilifurahi, nikadhani zamu ya watu wa chupa na chumvi imefika. Kisha yakaja mabadiliko mengine ya Google, Septemba 2023. Kuna tovuti ndogo iitwayo HouseFresh, ya Gisele Navarro na mwenzake, inayopima mashine za kusafisha hewa. Wananunua mashine, wanaiwasha chumbani, wanapima moshi unachukua muda gani kuisha. Kufikia Mei 2024 walieleza hadharani kwamba wageni wao kutoka Google walikuwa kama 4,000 kwa siku Oktoba 2023, na wakati huo walikuwa wamebaki 200. Juu yao walikaa wachapishaji wakubwa, ambao HouseFresh walisema hupendekeza mashine bila kuzipima. Na miezi hiyohiyo, Google ilitangaza kwamba mabadiliko ya Machi 2024 yamepunguza maudhui duni kwa asilimia 45. Sibishani na hesabu yao. Nawauliza tu: mtu wa 200 kwa siku, kesho atanunua mashine gani ya kupima?

Hapo ndipo ubora unapokufa, na mara nyingi tunauua sisi wenyewe. Mwenye tovuti akishashuka, hofu inamwingia. Anaambiwa ukurasa mrefu unapanda, basi anaanza na kichwa "Dumuzi ni nini?" kwa mkulima ambaye dumuzi wanamtambaa mkononi. Anaambiwa Google inapenda vipya, basi anabadilisha tarehe ya makala ya miaka mitano bila kugusa neno hata moja. Huo ni uongo, na ni uongo mzito: dawa iliyopendekezwa wakati ule huenda leo haiko dukani. Ukurasa uliokuwa na jibu kwenye mstari wa tatu sasa una jibu kwenye mstari wa arobaini, chini ya matangazo, na bando la mkulima linaisha kabla hajafika.

Sisi tunaoandika Kiswahili tuna jukumu la ziada. Kurasa zetu ni chache. Moja nzuri ikizimika, nyuma yake hakuna foleni ya nyingine zinazosubiri. Linabaki pengo, nalo hujazwa na ile ya kipekecha mkubwa wa nafaka.

Robo saa imetimia. Sogeeni, mlio nyuma simameni. Mnaona hapa ubavuni? Chumvi imegandia kwenye kioo. Mahindi haya hayajakauka. Yakiingia guniani leo, yataharibika. Yanarudi juani. Anayetaka kupiga picha kwa ajili ya ukurasa wake apige sasa, kabla sijaitikisa tena.