Tanga, Mkonge na Mizigo Inayopita

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, vijana, asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na habari za jioni kwa wote. Nimeombwa nizungumzie kufa na kufufuka kwa viwanda vya Tanga. Naanza na kufa, maana huko ndiko tunakodanganyana zaidi.

Ukikaa barazani mjini hapa utapewa sababu moja tu. Huyu atakwambia mkonge uliuawa na Azimio la Arusha. Yule atasema hapana, uliuawa na kamba za plastiki. Wote wameshika kipande cha ukweli, lakini tuziweke tarehe sawa. Mwaka 1964 nchi hii ilizalisha tani zipatazo 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, kiasi ambacho hatujakifikia tena. Muda mfupi baadaye bei ikaanza kuporomoka, na Azimio lilikuwa halijatangazwa. Lilikuja Februari 1967. Serikali ilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba wakati soko lake limekwisha kuanza kuliwa.

Halafu mkonge una tabia yake. Ukiupanda leo, utakaa kama miaka mitatu ndipo ukate majani ya kwanza, kisha utaendelea kukata kwa miaka mingi hadi utoe mlingoti wa maua na kufa. Aliyeacha kupanda upya mwaka 1966 kwa kuogopa bei mbaya hakuonekana mkosaji mwaka ule, wala uliofuata. Shamba lilikuwa bado la kijani, korona, ile mashine ya kukamua singa kwenye majani, inanguruma, mishahara inatoka. Hasara ilijitokeza miaka ya 1970 na 1980, ikayakuta mashirika ya umma ambayo nayo yalikuwa na madhambi yake, na vipuri havinunuliki kwa kukosa fedha za kigeni. Kufika mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa tunacheza kwenye tani 20,000 hivi. Kwa hiyo anayetaka mshitakiwa mmoja, mimi sina wa kumpa.

Lakini kuna jambo la zamani zaidi ambalo naona hatulisemi. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida; iliyofika hai ni 62. Mwaka huohuo reli ya Usambara ikaanza kujengwa kutoka hapa Tanga kwenda bara. Mashamba, reli, bandari, na manamba, yaani vibarua wa mashambani, walioletwa kutoka Kigoma, Songea na hata nje ya mipaka (wajukuu wao naamini wamo humu ukumbini): vyote vilipangwa ili singa zitoke. Jani la mkonge lina nyuzi asilimia 4 tu, mara nyingi pungufu. Ile asilimia 96 ilimwagwa nyuma ya korona ikaoza, mito ikachafuka. Na hizo nyuzi chache, nyingi zilisafirishwa ghafi zikasokotwe ng'ambo. Viwanda vya kusokota kamba vilikuja kujengwa hapa, ni kweli, lakini vilichelewa.

Baada ya uhuru tulijaribu kurekebisha. Kikaja kiwanda cha mbolea, kikaja cha chuma, baadaye saruji. Mbolea ile ilitegemea malighafi nyingi kutoka nje. Fedha za kigeni zilipokauka, mambo yakawa magumu, na mapema miaka ya 1990 kiwanda kikafungwa. Saruji ya Pongwe, iliyoanza kutoka mwaka 1980, ipo hadi leo, na sababu mojawapo haihitaji profesa: mawe ya chokaa yako palepale.

Sasa tuje kwenye kufufuka. Bandari imechimbwa kina kutoka mita 3 hadi 13, na gati mbili zenye urefu wa mita 450 zimeboreshwa, kwa zaidi ya shilingi bilioni 429. Mliofanya kazi pale mnakumbuka meli zikitia nanga mbali na mizigo ikiletwa kwa matishari, yaani kuibeba mara mbili. Hiyo ni kazi kubwa na naipongeza. Na bomba la mafuta ghafi, kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, mwisho wake ni Chongoleani, hapa hapa Tanga.

Naomba nisieleweke vibaya: silipingi bomba. Nasema tu kwamba ujenzi wa bomba huajiri maelfu, lakini likishakamilika halihitaji watu wengi. Mafuta yatafika, yatahifadhiwa, yatapakiwa melini. Kuna tofauti gani na singa za mwaka 1960? Tukihesabu tani zinazopita gatini na kuziita uchumi wa Tanga, tutakuwa tumerudi kwa Hindorf.

Mimi hunitia moyo zaidi mambo madogo. Angalieni maziwa. Wafugaji wadogo wa mkoa huu, wengi wenye ng'ombe wachache tu, waliungana katika ushirika miaka ya 1990, na maziwa yao yanasindikwa hapahapa. Angalieni Hale, ambako yale mabaki ya mkonge yalianza kuzalisha biogesi na umeme tangu miaka ya 2000. Mtambo ule ni mdogo, lakini walioujenga ni watu wa kwanza hapa kwetu walioitazama ile asilimia 96 wakaona mali.

Wakulima wadogo sasa wanalima mkonge kupitia AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, na Serikali inawahimiza. Vizuri. Lakini mkulima anakata jani ambalo lisipofika korona mapema linakauka na singa zinaharibika, na korona zenyewe ni chache na chakavu. Kabla hatujagawa miche mingine, tuhesabu korona. Na Halmashauri ya Jiji itueleze yale majengo ya viwanda vilivyokufa ni ya nani leo, yana umeme au hayana, na kijana mwenye mashine moja ya kusokota kamba atapangishwa chumba au ataambiwa asubiri mwekezaji mkubwa.

Mwenyekiti, naona unatazama saa. Naomba maswali, na kama yupo mzee aliyewahi kufanya kazi kiwanda cha mbolea, apewe kipaza sauti kwanza.