Hatshepsut: nani kasema aliuawa?

Habari za jioni, ndugu zangu. Niliahidi kuzungumzia malkia wa Misri, na najua wengi mmekuja kwa ajili ya Cleopatra na nyoka wake. Huyo leo tumuache apumzike. Ninayewaletea alikufa zaidi ya miaka 1,400 kabla yake, na kifo chake kimezushiwa maneno mengi kuliko ushahidi uliopo: wapo wanaosema aliuawa na mtoto wake wa kambo, Thutmose wa Tatu.

Hatshepsut alikuwa binti wa Farao Thutmose wa Kwanza. Aliolewa na Thutmose wa Pili, ndugu yake wa baba mmoja, jambo ambalo kwenye jumba lile halikumshangaza mtu. Mume akafa mapema, akaacha mtoto mdogo wa kiume aliyezaa na mke mwingine, Iset. Mtoto akatawazwa yapata mwaka 1479 K.K. akiwa Thutmose wa Tatu, na mama yake wa kambo akamshikia madaraka. Kufikia mwaka wa saba wa utawala huo, mama huyo alikuwa farao kamili: anachongwa kwenye mawe akiwa na ndevu za bandia kama wafalme wote. Kijana hakufukuzwa wala kufungwa. Miaka ya utawala iliendelea kuhesabiwa tangu kutawazwa kwake, na alipokua alikabidhiwa jeshi. Hilo la jeshi mlishike.

Alijenga sana. Pale kwenye hekalu la Karnak bado umesimama mnara wake wa jiwe moja la matale, karibu mita 30 kwenda juu, uliochongwa Aswan na kusafirishwa kwa Mto Nile. Lakini mimi, nikipewa saa moja tu Misri, nitakwenda kwenye hekalu lake la Deir el-Bahari kutazama kuta zinazosimulia safari ya nchi ya Punt, katika mwaka wa tisa. Merikebu tano. Watu wamebeba miti ya uvumba mabegani, kila mti kwenye kikapu chake pamoja na mizizi. Nyani wanarandaranda juu ya kamba za tanga. Chini ya merikebu, samaki wamechorwa kwa uangalifu kiasi kwamba wataalamu wametambua aina zake, wakasema hawa ni wa Bahari ya Shamu. Yupo na chifu wa Punt, Parahu, na mkewe Ati, mwanamke mnene aliyechorwa bila kupunguzwa kilo hata moja. Punt ilikuwa wapi? Uchunguzi wa mumia za nyani uliotolewa 2020 unaelekeza Pembe ya Afrika na ng'ambo yake, Yemeni. Kwa hiyo ubani tunaofukiza pwani huku una ukoo mrefu kuliko tunavyodhani.

Sasa kifo. Jiwe la maandishi la Armant huchukuliwa kuwa linatupa tarehe: mwaka wa 22, yaani mwanzoni mwa 1458 K.K. Sababu ya kifo halikuitaja.

Mwaka 1903 mwanaakiolojia Howard Carter alifungua kaburi dogo katika Bonde la Wafalme, akakuta maiti mbili za wanawake. Mmoja alikuwa ndani ya jeneza la yaya wa Hatshepsut. Mwingine alilazwa sakafuni, bila jeneza, na akaachwa hapohapo kwa miongo mingi. Mwaka 2007 mwanaakiolojia wa Misri Zahi Hawass na wenzake walipiga picha za skani kisanduku cha mbao chenye jina la Hatshepsut. Ndani mlikuwa na gego moja. Yule wa sakafuni alikuwa na pengo la gego, na wakatangaza kuwa vimeoana. Vipimo vilionyesha mwanamke wa makamo, mnene, mwenye meno mabovu, jipu kwenye ufizi, saratani, na huenda kisukari. Baadaye, mwaka 2011, Chuo Kikuu cha Bonn kilichunguza kichupa chenye jina lake kikakuta mabaki ya dawa ya ngozi yenye kemikali ya lami inayosababisha saratani.

Wapo wanaopinga, wakisema jino lile lina mizizi ya gego la chini ilhali pengo liko taya la juu. Hoja hiyo ni nzito, na mimi nisingeapa kwamba mwili ule ni wake. Ila kama ni wake, mwuaji hatumhitaji.

Waliompakazia Thutmose wa Tatu mauaji hayo walianzia kwenye sanamu za Hatshepsut zilizovunjwa na jina lake lililofutwa. Wakasema: chuki hii lazima ilianza na mauaji. Haya, rudini kwenye jeshi. Mtu mwenye jeshi mkononi angengoja miaka 20 kumtoa mama wa kambo? Tena ufutaji wenyewe ulianza kama miaka 20 baada ya mazishi, Thutmose akiwa mzee. Hasira gani hiyo ya kusubiri zamu? Utafiti uliochapishwa 2025 umeonyesha kwamba sanamu nyingi zilikatwa shingoni, kiunoni na magotini, utaratibu uleule uliotumika kuziondolea nguvu sanamu za mafarao wengine. Mimi nawaunga mkono wanaosema mzee alikuwa anamsafishia njia mwanawe, Amenhotep wa Pili, asije akatokea wa upande wa Hatshepsut akadai kiti.

Nimemaliza upande wangu. Mwenye swali kuhusu lile jino asogee mbele, picha zake ninazo hapa.