Bega Kwanza, Mkasi Baadaye

Asalamu alaikum mama zangu, baba zangu na ndugu zangu wa Amu, hapa Lamu. Nawashukuru kwa kuja kujifunza kurekebisha nguo za zamani, hasa nyinyi mafundi wa kanzu mlioketi pale nyuma.

Koti hili lilifika gati la Mokowe, kule bara, ndani ya furushi la mitumba kutoka soko la Kongowea, Mombasa, likavuka kwa boti, nami nikalinunua hapa mjini. Ni sufu nyepesi na vifungo vyote vipo. Ukigusa mabega tu utajua ni la miaka ya 1980: ndani mna sponji iliyonona kama kipande cha mkate wa sinia.

Wengi huing'oa sponji wakadhani kazi imekwisha. Bado. Bega hili lilikatwa kwa kuihesabu ile sponji, kwa hiyo ukiitoa kitambaa hakina pa kulalia, kinalegea huku mwisho wa bega. Itabidi ufumue mkono wa koti, uteremshe mshono wa bega upande wa nje, tuseme nusu inchi, kisha na tundu la kwapa uliteremshe kiasi hicho hicho. Ukisahau kwapa, tundu linakuwa dogo na mvaaji hawezi hata kuinua mkono kufunga dirisha.

Kazi hiyo inaweza kumla fundi siku nzima. Ndiyo maana nawasihi: sokoni tazameni bega kabla ya kitu kingine. Kanzu yetu huning'inia begani, na mafundi wa hapa wanajua kuwa bega likienda kombo hakuna tarizi itakayoiokoa. Kiuno ni kazi ndogo, upindo ni kazi ndogo zaidi. Bega likiwazidi sana, liacheni koti palepale.

Wala msitegemee lebo. Gauni la Marekani la miaka ya 1950 lililoandikwa 12 ni dogo kuliko 12 ya leo. Tembeeni na tepu.

Sasa kiuno. Hapa hesabu huwaponza wanafunzi wangu kila mara. Gauni limezidi inchi 2, mtu anabana inchi 2 kila upande, halafu anashangaa haliingii. Ukisogeza mshono nusu inchi, umepunguza nusu mbele na nusu nyuma, hiyo ni inchi moja. Pande mbili, inchi 2 zimetimia. Nusu inchi tu!

Na kile kitambaa kinachobaki ndani msikikate. Nguo za zamani mara nyingi ziliachiwa akiba pana kwenye mishono na upindo, na hiyo ndiyo mali yake. Nilipoanza kazi, shangazi yangu aliniletea gauni la pamba, nikalipunguza likamkaa vizuri, kisha nikaipunguza akiba ili ndani kupendeze. Mwaka uliofuata alijifungua, mwili ukaongezeka, akarudi niliachie lipanuke. Hapakuwa na cha kuachia. Alilipenda sana gauni lile, na mpaka leo linaniuma.

Kama ni pamba au kitani, fueni kwanza ndipo mpime, maana huenda ikaruka, yaani ikapungua ikifuliwa. Kisha pigeni bandi, yaani mishono ya muda ya mkono, kwa uzi wa rangi nyingine, mvaaji akae, atembee, ainue mikono. Cherehani ije mwisho. Suruali za bugaluu nazo zipunguzwe kuanzia gotini, mshono wa ndani na wa nje kwa kiasi sawa, la sivyo mguu utajipinda.

Mama mmoja ameniuliza mlangoni: koti la sufu na joto hili la Amu? Ndiyo, inawezekana. Acheni bitana ya mabegani na mikononi ili mkono uteleze, mtoe ya mgongoni kuteremka chini, kisha mzungushie utepe mishono iliyobaki wazi. Upepo utapita.

Sogeeni mezani sasa. Bega la kushoto tulifumue pamoja, la kulia tuliache lilivyo mpate kulinganisha.