Mwanzi Haukatiki Kirahisi, Tuongelee Maungio: Baiskeli za Mianzi Kwenye Saiklokrosi

Haya jamani tuanze, mlioko nyuma sogeeni huku mbele viti vipo, maana kuna kitu nitakipitisha mkononi na sitaki kiishie mstari wa pili. Asanteni klabu kwa kunialika. Niliambiwa niongelee baiskeli za mianzi, nikasema sawa, ila nitaongelea za mianzi kwenye krosi, zile za mashindano, za tope. Za kwenye picha mmeshaziona wote, mtu kasimama na baiskeli ya mwanzi, jua linazama, watoto wanacheka pembeni. Picha nzuri, sina shida nazo, lakini haziwezi kukuambia ile fremu itakuwaje ukiidondosha kwenye ngazi za mawe huku imelowa, ukaiokota, ukaendelea kuikanyaga.

Wangapi humu mmeshaona saiklokrosi, hata kwa YouTube? Wanne. Watano. Basi kwa wengine: ni mbio za kuzunguka, mzunguko mmoja kilomita mbili na nusu hadi tatu na nusu hivi, na mnakimbia kwa muda, wanaume wa daraja la juu kama saa nzima. Njia ni majani, tope, mchanga, kona za kijinga, ngazi, halafu kuna vizuizi vya mbao, urefu mwisho sentimita 40, ukifika pale unashuka baiskeli ikiwa bado inatembea, unainyanyua, unaruka, unarudi juu ya siti bila kusimama. Ukikuta kilima cha tope unaitupia begani unakimbia nayo. Baiskeli yenyewe ukiiangalia haraka utasema ni ya barabarani, usukani ule wa kupinda, ila tairi ina meno, na kwenye mashindano ya UCI, chama cha baiskeli cha dunia, tairi haizidi milimita 33. Kumbukeni hiyo 33 maana tutairudia.

Mchezo ni wa zamani. Wafaransa walifanya mashindano ya taifa ya kwanza 1902, Daniel Gousseau ndiye anayetajwa kuwa aliyaandaa, na mchezo ulipata umaarufu baada ya Octave Lapize kushinda Tour de France 1910 akasema krosi ndiyo iliyomweka fiti. Dunia nzima ikaanza kushindania ubingwa 1950 Paris, akashinda Jean Robic, ambaye alishachukua Tour 1947. Siku hizi wenye mchezo ni Wabelgiji na Waholanzi, Mathieu van der Poel 2025 kule Liévin alifikisha ubingwa wa dunia wa saba akamfikia Eric De Vlaeminck, na kwa akina mama Marianne Vos anao nane. Ubelgiji watu wanalipa kiingilio kwenda kusimama kwenye tope mwezi wa kumi na mbili, wanakula chipsi, wanapiga kelele. Sitawaelezea Wabelgiji, tutakesha.

Sasa mianzi inaingiaje.

Kwanza tutoe ile dhana kwamba ni kitu kipya. Uingereza 1894 kulikuwa na kampuni inauza baiskeli za mianzi kabisa, mabomba mwanzi, maungio chuma. Shida ya muundo ule haihitaji digrii: mwanzi ukilowa unavimba, ukikauka unanywea, chuma hakijali hata kimoja. Kwahiyo mwanzi uliokaa umebana ndani ya soketi ya chuma leo, baada ya kiangazi kimoja unacheza. Kilichokuwa kinalegea pale ni kiungo, bomba lenyewe zima.

Halafu aliyeirudisha kwa upande wa mbio ni Craig Calfee wa California. Huyu sio mtu wa kubahatisha, ni yule yule aliyekuwa anatengeneza fremu za kaboni alizoendesha Greg LeMond na timu yake 1991. Mwaka 1995 alitaka kitu cha kushangaza watu kwenye maonyesho ya baiskeli, na wazo lilitoka kwa mbwa wake, Luna, alikuwa anacheza naye kuvutana kijiti cha mwanzi, mbwa ana taya za kutisha, na mwanzi umeng'ang'ania tu. Akatengeneza moja ya maonyesho, ikaendeshwa, ikaendelea kuendeshwa, ndipo baadaye akaanza kuziuza. Wazo lake kubwa kwangu mimi halikuwa mwanzi, lilikuwa kiungo: alitoa soketi ya chuma akafunga maungio kwa nyuzi za hempu zilizolowekwa kwenye gundi ya epoksi. Hempu ndiyo, ndugu yake bangi, cheka tu.

(Watu wanacheka.)

Kipitisheni hiki sasa. Hiki ni kipande cha kiungo nimekikata na msumeno katikati, ni pale mabomba mawili yanapokutana chini ya siti. Angalieni sehemu iliyokatwa. Ile ya manjano yenye vitone vyeusi ni mwanzi, vitone ni nyuzi zake, na oneni vimejaa zaidi upande wa nje kuliko wa ndani, ndio maana fundi mzuri hasugui ganda la nje kupita kiasi, akilisugua sana anaondoa nguvu yenyewe. Kahawia iliyozunguka ni nyuzi na epoksi, tabaka juu ya tabaka. Sasa tafuteni vishimo vidogo kama vya sindano kwenye ile kahawia. Hivyo ni hewa. Ukimaliza kufunga, kabla gundi haijakauka, unaikaba yote na mpira, wengine wanatumia tyubu ya baiskeli iliyokatwa vipande virefu, wengine seloteki ya umeme iliyotobolewa, ili gundi ya ziada na hewa vitoke. Ukikaba vizuri vishimo vinakuwa vichache, ukikaba kivivu kiungo kinakuwa kinene kizuri kwa macho na ndani ni kitupu. Na mteja haoni! Anaona msasa umepita, vanishi inang'aa, analipa.

Ndo maana mtu akiniuliza "hivi mwanzi hauvunjiki?" namwambia umeuliza kitu sicho. Mwanzi kwa urefu wake una nguvu ya kutosha na zaidi, udhaifu wake ni kupasuka kwa kufuata nyuzi, na hilo linamalizwa kabla hata hujaanza kujenga: uvunwe ukiwa umekomaa, miaka mitatu hadi mitano, utibiwe na dawa ya boraksi dhidi ya wadudu maana kuna dudu linapenda wanga wa mle ndani, halafu ukaushwe taratibu kivulini, miezi, sio wiki. Ukiukausha haraka juani nje inanywea kabla ya ndani na unasikia usiku stoo inalia pwaa. Unaopasuka unapasukia stoo, ukatupwa. Uliobaki mzima hadi mwisho umeshajipima wenyewe. Kiungo hakijapimwa na mtu, kimetengenezwa jana.

Na krosi inapima viungo kuliko mbio zozote ninazozijua. Ya barabarani inakaa kavu zaidi, ya mlimani ina shoku. Krosi fremu haina shoku, unaitupa chini, unaipiga kwenye kizuizi, inalowa, inajaa mchanga, afu inaoshwa.

Niliishi Portland, Oregon, na ndiko nilikokimbilia krosi, daraja la wazee na walevi mnielewe, mtu amevaa kama kuku anakupita kwenye kona. Kule mvua inaanza mwezi wa kumi haimalizi. Na sehemu niliyoiona inaumia kwenye fremu za mianzi ni ile ile kila mara: vile vijiti viwili vya nyuma vinavyotoka kwenye pedeli kwenda kwenye ekseli ya nyuma. Rudini kwenye 33. Tairi ni milimita 33, ila tairi iliyobeba tope na majani ni kubwa zaidi ya hapo, kwahiyo unahitaji nafasi kila upande. Bomba la kaboni au chuma unaweza kulibonyeza pale pakawa pembamba. Mwanzi huubonyezi, una unene wake ulivyozaliwa. Fundi anatafuta mianzi myembamba yenye ukuta mnene, au anaupasha moto kuupinda kidogo nje, au anakubali yaishe anaweka kijiti cha kaboni kwa nyuma. Asipofanya hata kimoja, tope linakuwa msasa. Linasugua vanishi mzunguko kwa mzunguko, na ikishatoboka hapo mwanzi uko uchi, unakunywa maji, unavimba, na unavimba sentimita chache tu kutoka kwenye kiungo. Tiba ni ya bei rahisi mno, bandika plastiki nene ya uwazi pale kabla ya msimu, ukiona imechakaa bandika nyingine. Hamna anayefanya.

Kuosha pia. Wakubwa wanakuwa na baiskeli mbili tatu, kwenye tope wanabadilisha kila nusu mzunguko, jamaa wa timu anaipiga na pampu ya presha anamrudishia safi. Ya mwanzi usiipige presha kwenye maungio. Ndoo, sifongo, kausha, geuza juu chini maji yatoke kwenye bomba la siti. Kama una mtu wako eneo la kubadilishia, mwambie mapema, maana ile mashine watu wanashika kwa raha sana.

Sasa niwaambie kitu watu wa mianzi hawakipendi. Mnasikia kila mahali kwamba mwanzi "unameza mtetemo". Unameza, ni kweli, ukitoka kwenye alumini utaisikia mikononi. Ila kwenye krosi unakimbia na upepo kidogo sana kwenye tairi, na tairi ndiyo inafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, kwahiyo mtu asikuuzie fremu ya bei mbaya kwa sababu hiyo peke yake. Faida ambayo mimi naiamini ni nyingine: mwanzi haukuachii ghafla. Bomba jembamba la chuma likigonga ngazi linabonyea. Kaboni inaweza kuchanika ndani na nje usione kitu hadi siku ikuachie. Mwanzi ukianza kuharibika unaongea, unasikia mlio, unaona mstari mwembamba wa ufa kufuata nyuzi, na una muda wa kushuka. Halafu unatibika. Ufa unajazwa epoksi, unafungwa nyuzi, inabaki kovu, unaendelea.

Uzito, najua mnasubiri. Fremu ya krosi ya kaboni inazunguka kilo moja, ya mwanzi iliyofungwa hempu inaweza kuwa mara mbili ya hapo. Kwenye kubeba begani utausikia mizunguko ya mwisho, nisiwadanganye. Boo Bicycles wa Fort Collins, Colorado, walikwepa kwa kufanya maungio ya kaboni, mwanzi kwenye mabomba, na wakatoa mpaka modeli ya krosi. Inapungua uzito, inakuwa ngumu unapokanyaga, na bei nayo inapanda mlima. Mimi fremu ya hempu bado naipenda zaidi maana naweza kuitibu gereji, lakini anayetaka kushinda aende kwa akina Boo.

Na msifikiri haya ni ya Wamarekani tu. Hapo Kampala wapo Boogaali, wanafunga maungio kwa lubugo, lile gome la mutuba linalopondwa hadi linakuwa kitambaa, Waganda wanalivaa tangu enzi. Kwangu hilo ni wazo la kifundi kabisa, nyuzi za lubugo zimejipanga pande zote, na kwenye kiungo nguvu zinatoka pande zote.

Maswali. Ndiyo dada.

Mianzi ya huku? Inategemea ipi. Mlima Meru hapo juu kuna ukanda wa mianzi ya milimani, Kilimanjaro ukanda huo haupo, na ile ya milimani ukuta wake ni mwembamba kwa unene wake, halafu ni msitu wa hifadhi usiniletee kesi. Ninayoitamani ni ile ya Iringa na Njombe, ya ulanzi, ile pombe ya mwanzi, ina ukuta mnene, mingine chini inakaribia kuwa mizito kabisa bila tundu. Shida yake mnaijua. Chipukizi likishakatwa ncha ligemwe halikui tena kuwa mti. Ni uunywe au uuendeshe.

Kaka wa kofia. Breki za diski? UCI waliruhusu kwenye krosi 2010, na kwa mwanzi ni nafuu kwa sababu ringi ikipinda au ikijaa tope huna shida, ila nguvu ya breki ya nyuma sasa inaenda kwenye kijiti cha kushoto cha nyuma, kwahiyo pale anapofunga kipande cha kushikia breki muulize fundi amefunga hadi wapi. Akijibu "pale tu", ondoka.

Mwisho. Wewe wa Tanga, mkonge badala ya hempu? Nilijua utauliza. Uzi wa mkonge ni imara ila ni mnene na mkavu, kwenye kona kali ya kiungo unagoma kulala, na gundi haiingii ndani haraka, ndipo unapata vile vishimo mlivyoviona. Labda uchanwe mwembamba zaidi, ulowekwe muda mrefu kabla ya kufunga. Sijauona umefungwa vizuri bado. Lete kilo mbili wiki ijayo, mianzi mikavu ninayo, tutafunga viungo vinne, viwili hempu viwili mkonge, tuviloweke kwenye pipa siku kadhaa, halafu tuvivunje vyote tuone.