Chakula cha Jioni Nairobi kwa Shilingi 500: Twende Tukatafute

Hamjambo, karibuni tena. Ni saa kumi na mbili na nusu jioni, nimesimama hapa nje ya Archives, lile jengo la nyaraka za taifa katikati ya jiji, kama kila mtu anayemngoja mwenzake. Mkononi nina noti ya 500. Humu lazima itoke chakula cha usiku na nauli ya kunifikisha nyumbani.

Hatua ya kwanza ni hiyo nauli. Itoe sasa hivi, iweke mfuko mwingine, isahau. Jioni matatu hupandisha, na mvua ikidondoka ndiyo basi tena. Halafu tafuta chakula kule unakopandia gari au linakopita. Mtu wa Rongai akifuata chakula rahisi Eastleigh, upande mwingine wa jiji, hicho chakula si rahisi tena.

Hatua ya pili, simu. Fungua ramani ya Google, andika unachotaka kula, lakini usihangaike na nyota. Panga maoni yaanze na mapya, kisha nenda kwenye picha walizopiga wateja wenyewe. Tafuta picha ya menyu na uangalie ilipigwa lini. Bei ya mwaka juzi itakuaibisha.

Hatua ya tatu ndiyo wengi wanairuka. Usiingie bado. Simama mlangoni dakika mbili. Katikati ya jiji hoteli nyingi (hoteli ya kula, si ya kulala) hupikia watu wa chamcha, kwa hivyo ukiingia saa moja usiku unaweza kupewa kilichobaki tangu saa saba mchana. Tazama chapati. Sogeza kamera hapa kidogo… mnaona? Hii imetoka kwenye chuma sasa hivi, ina madoa ya kahawia na ukiivuta inaachana matabaka. Zile zilizofunikwa kwenye hotpot tangu mchana zimelowa mvuke, ukiinua moja zinakuja tatu. Ugali nao ukikaa hujifanyia ngozi juu. Muulize tu mpishi, "Nini kimetoka jikoni sasa?" Mwenye chakula kipya cha jioni hujibu kabla hujamaliza swali.

Hatua ya nne, uliza bei kabla ya kuketi, hasa samaki. Niliwahi kuingia mahali fulani, menyu ikasema samaki ni "kulingana na saizi". Nikaona aibu kuuliza. Bili ilipokuja nilimtazama weita, naye akaniambia kwa upole, "Huyo alikuwa mkubwa, boss." Siku hizi namtaka samaki aletwe mezani akiwa bado mbichi, tusemezane bei tukimwangalia. Na chupa ya maji ambayo hukuagiza, mzuie weita kabla hajaifungua.

Sasa twende wapi? Ukiwa peke yako na mfuko mwepesi, kibanda chochote chenye foleni: ugali, matumbo, sukuma, au chapati ndengu. Hapo sina mengi ya kukufundisha.

Mkiwa wawili, pandeni matatu namba 6 au 9 mwende Eastleigh. Wali wa Kisomali huja kwenye sinia, nyama ya mbuzi au ya ngamia juu yake, na ndizi mbivu pembeni. Hiyo ndizi si ya baadaye! Imenye, ikate, ule pamoja na wali. Sahani moja wengi wetu hatuimalizi, kwa hivyo agizeni moja kwanza, muongeze mkishindwa kushiba.

Mkiwa upande wa Hurlingham na Kilimani kuna mikahawa ya Kiethiopia. Siri yangu ni Jumatano na Ijumaa. Waorthodoksi wa Ethiopia hufunga siku hizo, hawali nyama wala maziwa, kwa hivyo jikoni wanajitahidi na mboga. Agiza beyaynetu: injera moja pana (ule mkate wao mwembamba kama chapati laini), juu yake vilima vya dengu, kabichi, viazi na shiro, yaani rojo la unga wa dengu. Kwa kawaida ni nafuu kuliko sahani ya nyama, na watu wawili wanachotea humo humo.

Nyama choma ni Kenyatta Market au soko la Burma, lakini wahini mapema. Mbele ya mizani uliza kama kilo inapimwa ikiwa mbichi. Mara nyingi ndivyo, na moto hula maji na mafuta, kwa hivyo nusu kilo itakayorudi kwenye ubao si nusu kilo uliyoiona. Uliza pia kama ugali na kachumbari vina bei yake kando. Kisha ngoja, na usimharakishe mchomaji, atakuletea damu.

Mwisho ni bili. Kwenye mikahawa mikubwa soma maandishi madogo chini ya menyu: kodi ya VAT ya asilimia 16 na ile ada ya asilimia 2 ya utalii, zimo ndani ya bei au zitakungoja mwishoni? Kibandani unaomba till namba ya kulipia kwa M-Pesa tu, unamwonyesha mama ujumbe, unaosha mikono.

Mimi leo nimeangukia ndengu, chapati mbili za moto na chai. Nauli bado iko mfuko ule mwingine, na makanga anasema amebakisha kiti kimoja. Acha nikimbie.