Metali Inakula Mwanga, Sawa. Kwa Umbali Gani?

Kabla hamjainua mikono, swali lenu nalijua: metali si inakula mwanga? Inakula! Kila nikizungumzia plazmoni, yaani mwanga ulioshikana na elektroni za metali, naulizwa hilohilo, na muulizaji hutabasamu kana kwamba kashinda kesi.

Haya, tupige hesabu. Chukueni mwanga wa mawasiliano, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1,550, muupitishe kwenye ufa wa nanomita 100 baina ya kuta mbili za dhahabu. Peke yake haukubali kubanwa hivyo. Hata njia ya silikoni kwenye chipu ina upana wa nanomita 450 hivi. Lakini ukishikana na elektroni zilizo kwenye uso wa dhahabu, zikayumba pamoja nao, wimbi hilo la ubia linapenya. Gharama yake? Tuseme nusu desibeli kwa kila mikromita (desibeli hupima mwanga unaopotea: kila desibeli 10 hubakiza sehemu moja ya kumi). Kwa sentimita nzima ni desibeli 5,000, yaani hakitoki kitu. Lakini nani kasema tunataka sentimita? Tunataka mikromita 10. Desibeli 5. Karibu theluthi ya mwanga inatokea upande wa pili, inarudi kwenye silikoni na kuendelea na safari.

Na ndani ya mikromita hizo 10 kazi ya kuandika data kwenye mwanga imekwisha. Ule ufa tunaujaza kemikali ya kikaboni ambayo, ikipata umeme, hubadilisha kasi ya mwanga unaopita ndani yake. Volti moja tu katika nanomita 100 ni uga wa umeme wa volti milioni 10 kwa mita, na mwanga umebanwa humohumo! Moduleta ya kawaida ya silikoni, yaani kifaa cha kuandika data kwenye mwanga, huhitaji milimita kadhaa kwa kazi hiyohiyo. Tena udogo huo unafanya chaji ya kujaza na kutoa iwe haba, kwa hiyo kifaa hubadilika upesi, ndiyo sababu watafiti wa Zurich wamevipima vifaa hivi hadi gigahezi 500, yaani mizunguko bilioni 500 kwa sekunde.

Anayelilia desibeli 5 aniambie kwanza anapoteza ngapi pale anapounganisha waya wake wa nyuzinyuzi za kioo, ule unaoleta mwanga, na chipu. Mbona kimya?

Viwanda vya chipu vinaikataa dhahabu, na vina haki: atomu zake zikiingia kwenye silikoni zinaharibu transista. Basi tumieni shaba, wameizoea tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Joto, na uimara wa ile kemikali miaka ikipita, hayo ndiyo maswali yanayoninyima usingizi, lakini hakuna anayeniuliza. Vitambuzi (sensa) vya plazmoni navyo nilikusudia kuvizungumzia. Mwenyekiti ananionyesha saa.