Bima Iliyozaliwa na Mshahara

Ndugu mwenyekiti, ndugu wasikilizaji, asanteni kwa kunialika. Nimeombwa niseme namna ya kurekebisha bima ya afya ili iwafikie masikini. Naomba nianzie mbali, Ujerumani mwaka 1883. Serikali ya Kansela Bismarck ilipitisha sheria ya bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi: mfanyakazi akakatwa kwenye ujira, mwajiri akaongeza fungu lake, fedha zikaingia kwenye mfuko wa bima kabla mtu hajazishika. Mpango mzuri. Lakini tazameni umesimama juu ya nini: mwajiri anajulikana, ujira unajulikana, siku ya malipo inajulikana.

Sasa mpelekeeni kibarua mpango huo, au mchuuzi, au mkulima anayeuza mara moja kwa mwaka. Mtamkata wapi? Nchi nyingi zilijibu: basi achangie kwa hiari. Hapo ndipo mfuko unapoanza kuugua. Anayejisikia mzima anangoja. Mjamzito na mwenye maradhi ya muda mrefu ndio wanaowahi kujiandikisha. Mfuko unajaa wagonjwa, mchango unapanda, na wazima wachache waliokuwamo nao wanajitoa. Kisha tunaambiwa wananchi hawana uelewa wa bima, wapewe elimu. Sikubaliani. Anayechagua kati ya mchango na chakula cha watoto anaelewa hesabu yake vizuri kuliko sisi.

Njia ya pili ni kuwatambua masikini na kuwalipia. Kwenye karatasi inapendeza. Mdodosaji anaingia, anatazama juu aone paa, anatazama chini aone sakafu, anauliza kama kuna redio, anajaza fomu. Bati aliloezeka marehemu mume linamtoa mjane kwenye orodha. Na kaya iliyopimwa baada ya mavuno si kaya ileile miezi sita baadaye. Rwanda ilijaribu kwa namna yake: mwaka 2011 ikapanga michango kwa madaraja, ikitumia makundi ya ubudehe, yaani ya kaya kulingana na hali yao ya maisha, ambayo wanakijiji walishiriki kuyapanga, na wa chini kabisa wakalipiwa. Ilifika mbali, ingawa hata huko watu walilalamikia daraja walilopewa.

India mwaka 2008 ilianzisha mpango uliowapa kaya masikini kadi ya kielektroniki kwa ada ya rupia 30, na kinga ya rupia 30,000 kwa mwaka. Ila kadi ilifanya kazi mgonjwa akilazwa tu. Mwenye kisukari hafilisiki kwa kulazwa mara moja. Anafilisika kwa vidonge vya kila mwezi. Mpango ule ulikinga mlango ambao mwizi hapitii.

Thailand ndiyo inayonivutia zaidi, kwa sababu iliacha kuhangaika na hati ya mshahara. Kabla ya hapo ilikuwa na kadi za wenye kipato cha chini na kadi za hiari, na bado watu wengi walibaki nje. Kufikia mwaka 2002 ikawaingiza wote ambao hawakuwa kwenye mpango wa watumishi wa serikali wala wa sekta binafsi, gharama ikatoka kwenye kodi, na mgonjwa akatoa baht 30 kwa kila ziara. Ada hiyo nayo ikafutwa mwaka 2006, kisha ikarudishwa baadaye. Watu husimulia baht 30 kama muujiza. Husahau kwamba kwa miaka mingi kabla yake nchi ile ilijenga hospitali za wilaya na kuwalazimisha madaktari wapya kwenda kuhudumu huko. Kadi ilikuta daktari yupo.

Ghana nayo, kwa sheria ya mwaka 2003, iliweka tozo ya asilimia 2.5 kwenye bidhaa na huduma. Anayenunua sabuni ya kufulia anachangia bila kujaza fomu. Fedha zinapatikana, taabu ikawa kuzifikisha vituoni kwa wakati.

Na taabu hiyo ndiyo mgonjwa anayoiona. Mama amefika na mtoto ana homa. Mapokezi kadi imesoma, daktari amepima, ameandika. Dirisha la dawa mhudumu anaikunja ile karatasi, anamrudishia: "Hii hatuna, kanunue nje." Hamdanganyi. Mfuko haujalipa madai ya kituo kwa miezi kadhaa, na msambazaji wa dawa amekataa kukopesha tena. Kwa mama yule bima imekwisha pale dirishani, japo takwimu zinamhesabu kuwa ana bima.

Mijadala ya mageuzi hupenda sana kuzungumzia adhabu kwa mwananchi asiyechangia. Mimi ningepewa kifungu kimoja tu cha kuandika, ningeandika idadi ya siku ambazo mfuko lazima uwe umelipa kituo, na riba itakayoanza kuhesabiwa siku inayofuata.